Juni Haina Mahindi

Jana ukumbini, hapa Luanda, tuligawiwa karatasi,
moja kwa kila mtu, peni moja kwa kila benchi.
Kifungu kipya cha katiba: Serikali isitumie,
katika mwaka wowote, zaidi ya ilichokusanya.
Chini yake visanduku viwili, Ndiyo na Hapana,
kila kimoja punje ya hindi ingekijaza.

Bwana wa wizara alikuwa na sauti ya kubembeleza.
"Kukopa harusi," akasema, akangoja,
nasi tukamjibu kama darasa la tatu:
"Kulipa matanga!"
Tukapiga makofi. Mimi pia.
Nani hapa asiyelijua deni?
Kaka yangu Opati alichukua hati ya shamba la baba,
akaiweka benki, akanunua lori.
Lori likafia mlimani, njia ya Kapsabet,
na leo tukitaka kupalilia kaburi la mama
tunabisha hodi kwa mgeni.

Mkono wangu ukaenda kwenye Ndiyo.
Ukakaribia.

Lakini mimi ni mwenye duka.
Nina daftari lililolowa mafuta ya taa,
miaka kumi na tisa ya unga, sabuni, kiberiti,
majina yaliyokatwa na majina yasiyokatika.
Mwaka wa kwanza niliandika ukutani, kwa rangi nyekundu:
LEO PESA, KESHO DENI.
Nikaishika sheria yangu kama Sabato.

Mwezi wa sita, usiku, akaja mtoto wa Eshitemi.
Mdogo wake anaharisha tangu asubuhi.
Zahanati imefunga; nesi kamwambia mama
achanganye kwa maji yaliyochemka:
sukari vijiko sita, chumvi nusu kijiko.
Nikamwonyesha ukuta.
Kusoma kulikuwa bado kunamsumbua.
Alisoma polepole, herufi kwa herufi, mpaka mwisho,
akasema ahsante,
akaenda.

Hesabu yangu usiku ule ilikuwa sawa.
Kushoto na kulia zilitazamana bila deni.

Yaliyofuata sitayasema.
Eshitemi bado hununua kwangu. Hulipa taslimu.
Huziweka pesa mezani,
hazipiti kutoka mkono wake hadi wangu.

Basi nikasimama, nikamuuliza bwana wa wizara:
"Mwaka wenu huisha lini?"
"Juni thelathini, mama."
Ukumbi ukaangua kicheko, yeye asijue kwa nini.
Juni! Mahindi ndiyo kwanza yanaota ndevu,
ghala hata panya wamelihama,
na kila mwenye jembe yumo daftarini mwangu.
Nifungie hesabu Juni, mimi ni mufilisi.
Nifungie Septemba, mimi ni mwaminifu.
Mvua ni ile ile. Shamba ni lile lile.

Akajibu kwa upole: kuna mlango wa dharura,
theluthi mbili ya wabunge wakikubali.
Nikaketi.
Nikawaza mtoto yule, gizani, pekupeku,
akihesabu theluthi mbili za milango ya soko.

Na aliyepiga kelele za Hapana kuliko wote,
aliyesimama juu ya benchi akidai nchi ikope, ikope tu,
isiwekewe kamba shingoni kama mbuzi,
alikuwa Opati.
Hilo nalo liliniogopesha.

Chifu anakusanya karatasi kesho, saa nne.
Ule ukuta niliupaka chokaa zamani,
ila kila masika maandishi hurudi,
mekundu yaliyopauka, kama kovu la moto.

Taa imebakisha mafuta ya nusu saa.
Nimeigeuza karatasi.
Nyuma ni nyeupe, hawakuchapa kitu.
Nimeanza na tarehe, kama nianzavyo ukurasa wowote:
Juni, kumi na saba.
Sukari, vijiko sita.
Chumvi, nusu kijiko.
Na pale pa jina la mdaiwa
nimeandika langu.